Betri ya Kwaya

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na sababu zangu mtanihurumia, na huruma hiyo siitaki. Asubuhi moja ya vita, hapa Uvira, nilibonyeza mara tatu kwenye kompyuta yangu ili iende mbio, nikijua vizuri kabisa kwamba siku hiyo haikutakiwa kwenda mbio. Hakuna aliyenishikia bunduki. Nilichekwa tu na watu, basi, na kuchekwa ni kitu ambacho sijawahi kukiweza tangu utotoni.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha kuandikia watu barua na kuwatolea fotokopi, kwenye avenue inayoteremka kutoka barabara kubwa hadi ziwani. Watu walikiita sekretaria. Ndani mlikuwa na meza mbili, printa yenye kikohozi, na mashini. Mashini ndiyo kompyuta ya mezani, ile yenye sanduku kubwa jeupe. Niliinunua mkono wa pili Bujumbura, nikaivusha mpakani nimeifunga blanketi, hadi mwanamke mmoja kwenye foleni akaniuliza kama mtoto ana homa. Kule Bujumbura nilikuwa nimesoma kompyuta kwa miezi mitatu. Mengi niliyofundishwa yameshatoka kichwani, lakini moja lilinibakia: kwamba mashini unaweza kuipangia nguvu zake.

Mwalimu wetu alitufungulia ukurasa mdogo uliojificha ndani ya mipangilio. Kwa kuwa mashini zetu zinaongea Kifaransa, pale palikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza, Économie: mashini inakwenda polepole na kula umeme kidogo. Wa katikati, wa kawaida. Wa tatu, Performances élevées: mbio kwa nguvu zote. Ukishuka ndani zaidi unaikuta prosesa yenyewe, ule ubongo wa mashini, na asilimia zake. Katika Économie, prosesa ikikosa kazi inashuka mpaka asilimia tano na kusinzia. Katika mbio, kiwango chake cha chini ni mia. Hata kama umeenda kunywa chai, yenyewe imesimama wima, inawaka, inakungoja. Mwalimu alisema ni sawa na kuacha sufuria ya mafuta juu ya makaa makali wakati unga wa mandazi bado hujaukanda.

Tulicheka, lakini mimi niliipenda ile ya tatu, nikaiweka na kuiacha. Ilikuwa inaamsha feni zote mbili za lile sanduku, zikawa zinanguruma, na mngurumo ule ulinipa heshima. Mtu aliyeleta barua ya kuomba kazi aliusikia akatoka akiamini barua yake imeandikwa kwa nguvu. Wakati ule umeme ulikuwepo, si kila siku, lakini ulikuwepo, na ukiwa mkubwa au mdogo sikujali.

Kisha vita vikarudi bondeni. Nasema vikarudi kwa sababu hapa kwetu vita ni kama mgeni anayejua pa kuweka viatu vyake. Nyaya za umeme zikakatika huko juu, mji ukawa giza wiki baada ya wiki, nami nikafunga kibanda. Watu wakaanza kushuka kutoka Luvungi, kutoka Katogota, magodoro kichwani, kuku wamefungwa miguu, watoto wakiburuta madumu matupu. Wakajaa madarasa ya shule ya avenue yetu, na shule ilipojaa wakaingia nyuani mwa watu. Kwetu, katika kiwanja cha wazazi wangu, tulipokea familia tatu.

Mmoja wao ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Alikuwa mwanamke wa Katogota, mkulima, wa umri wangu au mdogo kwangu kidogo, mwenye kitoto cha mwaka mmoja mgongoni. Mume wake alikuwa ameshafariki kabla ya hapo kwa ugonjwa. Binti yake wa kwanza, wa miaka kumi na mmoja, alipotea njiani siku waliyokimbia. Walikuwa wameshikana mikono, risasi zikalia, watu wakasukumana, na mkono ukaachia. Kuna aliyesema alimwona msichana yule katikati ya watu waliokuwa wanakimbilia mto Ruzizi ili wavuke kwenda Burundi. Mwingine alisema hapana, alikwenda kusini. Hakuna aliyesema amemwona amekufa, na hilo ndilo mama yake alilolala nalo na kuamka nalo.

Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la kadi linabaki ndani ya kadi. Mtaani anaitwa mama wa mtoto wake wa kwanza, mpaka majirani wa miaka ishirini hawajui jina lingine. Ndugu zake waliokimbia naye walimwita hivyo siku ile ya kwanza, nasi tukamwita hivyo. Siku ya tatu au ya nne, tukiwa tunachambua lengalenga kibarazani, shangazi yangu akamwita kwa sauti ampe kisu. Yule mwanamke akaweka majani chini.

"Minye naomba kitu kimoja," akasema. "Musiniite tena ile jina. Kila mara munaiita, minye nageuka. Paka siku ile atarudia, muniite jina ya huyu mudogo."

Tukakubali. Mimi nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu, nilitikisa kichwa. Nawaomba mkumbuke hilo. Jina la msichana yule sitaliandika hapa. Nililiandika vibaya mara moja, inatosha.

Baada ya wiki kadhaa, shirika moja la misaada likatuma habari kwamba litagawa unga, maharage na mafuta kwa waliokimbia, ila linataka orodha. Si ya mkono. Orodha ya kompyuta, ndani ya fleshi: jina kama lilivyo kwenye kadi ya uchaguzi, idadi ya watu wa nyumba, kijiji walikotoka. Asiyekuwa kwenye orodha hana chake. Chef wetu wa avenue, mzee mpole mwenye mwavuli asiouacha hata jua likiwaka, akaja kwangu moja kwa moja, kwa kuwa mashini nzima katika avenue ilikuwa yangu tu.

"Mashini iko," nikamwambia, "lakini umeme haiko."

Akaenda kanisani, akarudi na kwaya nyuma yake. Waimbaji wanne walikuwa wamebeba betri, ile kubwa ya lori inayowasha vipaza sauti vyao siku ya Jumapili, pamoja na panoo mbili za jua na onduleri ya kuugeuza umeme uifae mashini. Ilikuwa betri ya zamani, imechoka, lakini ndiyo waliyokuwa nayo. Rais wa kwaya, mwanamke mwenye sauti nene kuliko ya mume wake, aliiweka chini ya meza yangu kwa mikono yake.

"Dada, Jumapili tutaimba na mudomo tu, haina neno," akasema. "Ila weye uitumie polepole. Ni ya batu bote."

Nikaapa. Mbele yake nikafungua ule ukurasa mdogo, nikamwonyesha nikichagua Économie, nikajifanya mtaalamu kidogo. Feni zikashuka sauti mpaka tukasikia kuku nje. Nilifanya hesabu yangu: mashini ikienda polepole, betri itafika alasiri hata siku ya mawingu. Ikienda mbio, sidhani kama ingemaliza asubuhi.

Siku ya kwanza nilinakili familia ambazo chef alikwisha kuziandika katika kaye lake, lile daftari la avenue. Kazi ilikwenda vizuri, nikahifadhi, nikalala kwa amani. Siku ya pili ndiyo ilikuwa ya wale ambao hawakuwemo katika kaye. Chef akaona tusipoteze muda na karatasi: watu wapange foleni kibandani, kila mmoja anionyeshe kadi yake au aniambie jina, niandike hapohapo. Saa sita mchana mtu wa shirika angepita kuchukua fleshi, kisha aendelee na safari yake. Baada ya hapo hakuna orodha nyingine mpaka mwezi ujao.

Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima tangu alfajiri. Foleni ilifika mpaka kwa muuza ndagala, dagaa wa ziwani. Nikawasha mashini. Katika Économie ilichukua muda kuamka, tena muda mrefu wa kukufungulia orodha, na watu wote wakawa wananitazama mgongoni. Wa tatu kwenye foleni alikuwa mwalimu kutoka Luvungi, mrefu, msafi, shati limenyooshwa hata ukimbizini. Huko kwao alikuwa amewahi kushika kompyuta ya shule.

"Mama," akaniuliza kwa upole wote, "hii mashini iko inaandika ao iko inaomba Mungu?"

Foleni nzima ikacheka. Walikuwa hawajacheka siku nyingi wale watu, na leo ninapofikiria nasema afadhali walicheka. Lakini siku ile nilisikia masikio yanawaka moto. Nikafungua ule ukurasa, nikashuka mpaka mstari wa tatu, nikabonyeza. Mara tatu tu. Feni zikaamka, zikanguruma kama zamani, na mimi nikageuka nikamtazama mwalimu kama mtu aliyeshinda kesi.

Sasa hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu ninaijua kazi yangu. Kuandika jina la mtu hakuhitaji nguvu yoyote ya prosesa. Ilikuwa imeshafungua orodha. Kilichobaki kilikuwa vidole vyangu, na vidole vyangu havina mipangilio. Asilimia mia za ile mashini zilikuwa zinawaka bure, zinaningoja niulize, "Jina?" na mtu atafute kadi ndani ya nguo zake, na kadi ifunguliwe kwenye plastiki yake. Nilikuwa ninachoma betri ya kwaya ili mwalimu wa Luvungi asikie kelele.

Walipita mmoja mmoja. Yule mwanamke wa Katogota alipita pia. Alinitolea kadi yake, ncha moja imeungua, akanisomea jina lake la kadi taratibu, herufi kwa herufi, ingawa nilikuwa naliona. Niliona haya kidogo kwamba tulikuwa tunaishi kiwanja kimoja na ndiyo kwanza nalijua. Nikaliandika sawasawa. Akasema asante, akapandisha mtoto mgongoni, akaenda kutafuta kuni.

Kufika saa nne na nusu foleni ilikuwa imekwisha, chef ameenda kumngojea mtu wa shirika barabarani, watu wametawanyika. Hapo ningehifadhi orodha na kuzima. Badala yake nikaanza kuipamba. Nikatia mistari kwenye jedwali, nikanenepesha vichwa vya habari, nikatafuta herufi nzuri. Onduleri ililia chini ya meza, mlio mdogo wa kuonya kwamba betri inakwisha. Sikuusikia kwa sababu ya feni. Au niliusikia nikadhani ni simu ya mtu, sitaki kujitetea. Na kile kitu cha mashini kujihifadhia yenyewe kila baada ya dakika kumi, nilikuwa nimekizima zamani, maana kilikuwa kinaikwamisha kidogo, nami sikutaka ikwame.

Kioo kikawa cheusi. Nikaona uso wangu ndani yake.

Kisha nikatoka nje nikatazama juu. Wingu lilikuwa linapasuka, jua limeanza kugusa mabati. Panoo zikapata nguvu, betri ikavuta pumzi kidogo, na baada ya nusu saa hivi nikaweza kuwasha tena. Safari hii niliiweka Économie bila kuambiwa na mtu. Familia za kaye zilikuwepo zote. Za asubuhi ile haikuwepo hata moja.

Shule ilikuwa hatua mia mbili kutoka kibandani. Ningeweza kwenda. Ningesimama uwanjani nikaita, "Jamani, nimepoteza majina yenu, rudini." Wengi wangerudi. Chef angemwomba yule mtu angoje kidogo. Ila mwalimu wa Luvungi alikuwa amekaa palepale mlangoni mwa darasa, namwona kutoka dirishani mwangu, na nilijua atakachosema, na hata namna atakavyoinua nyusi. Kwa sababu ya nyusi za mtu mmoja, sikwenda.

Nikaandika kwa kichwa. Niliwajua wale watu, si nilichota nao maji kwenye bomba moja? Majina machache ya kadi niliyakumbuka. Mengine yote niliandika kama mtaa unavyowaita: mama wa fulani, baba wa fulani. Idadi ya watu wa nyumba nilikisia. Vidole vilikwenda haraka, na vilipofika kwa mwanamke wa kiwanja chetu, jina lake la kadi halikuja. Likaja lile la kwanza, tulilolisikia siku walipofika. Mama wa yule binti. Nililiandika, nikapita. Sikulikumbuka ombi lake hata kidogo, na kama roho ilinigusa, niliiambia ingoje.

Saa sita chef akaja na mtu wa shirika. Orodha ilikuwa nzuri kwa macho, mistari yake imenyooka. Chef akanishika bega mbele ya watu, akasema avenue yetu ina mwanamke msomi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, walisema wahenga, lakini siku ile nilikuwa bado katikati ya sakafu.

Ugavi ulifanyika wiki iliyofuata, asubuhi, kwenye uwanja wa shule. Mabunda ya unga yalipangwa, mafuta, magunia ya maharage. Kijana wa shirika alikuwa na megafoni na orodha yangu. Sheria yake: anaita jina mara tatu, mtu anakuja na kadi, jina la kadi lilingane na la orodha. Lisipolingana, anakata. Asipokuja mtu, anakata. Watu wa kaye walipita bila tatizo, nikaanza kupumua. Kisha akaingia ukurasa wa mwisho.

Alipoita mama wa fulani wa kwanza, watu walicheka. Yule mama akaja na kadi yake, kijana akatazama kadi, akatazama orodha, akatikisa kichwa, akakata. Wa pili hivyohivyo. Kicheko kikaisha. Mwalimu wa Luvungi niliyekuwa ninamkwepa, jina lake nililikumbuka nusu, akakatwa naye. Chef akanigeukia chini ya mwavuli wake.

"Ni nini hii?"

"Ni virusi, chef," nikasema. "Imeingia mu mashini."

Hapa kwetu virusi ni jibu linalotosha. Akaenda akawatangazia watu kwamba mashini imeingiliwa na virusi, na watu wakaguna, wakakubali, kama wanavyokubali mvua. Wengine hata walinionea huruma.

Ndipo kijana akaita jina la mama wa Katogota.

Alikuwa amekaa mbele kabisa, gunia lake limekunjwa vizuri mapajani. Megafoni ililitoa jina la binti yake likaenda mpaka kwenye ukuta wa kanisa likarudi. Akasimama. Lakini hakwenda mezani. Aligeuka akayapa mgongo magunia yote yale, akaanza kuangalia watu. Aliangalia nyuso moja moja, akanyanyuka kwa vidole vya miguu ili awaone walioko nyuma. Jina likaitwa mara ya pili. Akaweka mkono kwenye paji la uso kukinga jua. Mara ya tatu. Kisha kijana akakata kwa kalamu na kuita mwingine, na yeye bado anatafuta.

Nilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Nilikuwa na nakala ya orodha mkononi. Ningesema neno moja tu. Miguu yangu ilibaki palepale, na aibu ile bado haijanitoka. Ninapoandika haya nimelazimika kuamka mara mbili kuzunguka chumba.

Jioni hiyo jua likiwa bado juu ya milima, nilimpelekea bakuli la maharage kutoka jikoni kwetu. Nilijisikia mwema, Mungu anisamehe. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Mungu akubariki, dada," akasema. "Nakuuliza kitu. Chef anasema ni mashini njo ilikosea. Sasa mashini ilijulia wapi jina ya mutoto wangu?"

Nilidhani ananisuta. Nikainua macho, nikaona hanisuti. Uso wake ulikuwa umefunguka, ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu afike kwetu.

"Minye sikukuambia jina yake siku ile," akaendelea. "Nilikuonyesha kadi yangu, na kadi haina mutoto. Banasemaka mashini zinaongeleshana. Labda kuko pahali walimuandika, akasema mama yake ni minye, na ile jina ikakuya mpaka mu mashini yako. Ao haiwezekane?"

Ningemjibu pale. Badala yake nikasema, "Sijui." Neno dogo, lakini ndilo kosa langu kubwa kuliko betri na orodha vikiwekwa pamoja. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa ruhusa.

Asubuhi yake akaondoka kwenda Makobola kwa miguu, kwa kuwa alisikia kule kuna waliokimbilia kanisani na kwamba na wao waliandikwa. Barabara ya kusini siku zile haikuwa ya kuchezewa, na yeye alikuwa na mtoto. Nilimsaidia kumfunga mtoto mgongoni. Nilikaza kitenge kwa mikono yangu hii, nikamwambia safari njema, nikarudi ndani nikafunga mlango wa chumba changu, na sikula siku hiyo.

Alirudi kesho yake mchana, miguu myeupe kwa vumbi. Hakuwa amempata. Hakukaa hata chini.

"Dada, twende ufungule mashini," akasema. "Utazame vizuri. Labda kuko imeandikwa na pahali."

Tulikwenda kibandani. Betri ya kwaya ilikuwa bado pale, ina nguvu kidogo. Niliwasha, nikaweka Économie. Kioo kikabaki cheusi, kisha buluu, kisha kile kiduara kinachozunguka kikaanza kuzunguka. Siku zote nilikichukia kiduara hicho. Siku ile nilikiomba kisimalize. Feni zilikuwa zimelala, kwa hiyo nilimsikia anavyopumua karibu na sikio langu, ameinama kutazama kioo kisichokuwa na kitu.

"Si mashini," nikasema. "Ni minye."

Nikamwambia yote. Mwalimu, kicheko, mbio, betri, kioo cheusi. Nikamwambia kwamba jina lake la kadi lilipotea, na la binti yake nililitoa kichwani mwangu mwenyewe, pamoja na kwamba alituomba tusiliite. Hakuna mahali palipomwandika mtoto. Nilisema nikitazama kiduara.

Aliinua uso kutoka kwenye kioo. Kisha akasema, "Kumbe ni weye."

Hakupaza sauti. Ningependelea anipige kofi. Orodha ikafunguka wakati huo, polepole, mstari mmoja baada ya mwingine, nami nikashuka haraka mpaka kwenye ule wa kwake, kidole tayari kwenye kibonye cha kufuta. Nilitaka kuutoa na kuweka jina lake la kweli, kitu kimoja kiwe sawa. Akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa mgumu, wa jembe.

"Ilisema nini hapo?" akauliza. Hakujua kusoma sana.

Nikamsomea. Mama wa, na jina la binti yake.

"Usiifute," akasema. "Hana hata karatasi ya kuzaliwa. Jina yake iko imeandikwa hapa tu. Minye uniandike chini."

Akatoa kadi yenye ncha iliyoungua, akanisomea tena herufi kwa herufi, na mimi nikaandika, nikahifadhi baada ya kila herufi kama mwendawazimu.

Siku hiyohiyo nilimwambia chef, na chef akawaambia watu, akinisimamisha mbele yao. Mwalimu wa Luvungi hakucheka wala hakuinua nyusi. Alikuja kibandani na kalamu na kaye, akakaa mezani kwangu, akaandika majina upya pamoja nami mpaka tukamaliza. Wale waliokatwa walipata chakula mwezi uliofuata, baada ya mwezi mzima wa kuombaomba kwa majirani. Betri niliirudisha kwa kwaya. Rais wa kwaya aliipokea mlangoni bila kunikaribisha ndani.

Yule mwanamke alihamia shuleni wiki hiyo, na bonde lilipotulia akarudi Katogota. Hakuniaga. Nilituma watu kuuliza habari za binti mara mbili, na mara zote mbili walirudi wakisema bado.

Nimebadilisha mashini tatu tangu wakati ule. Kila moja nikiipata, nafungua kwanza ule ukurasa mdogo na kuiweka Économie, hata umeme ukiwa mwingi, hata wateja wakinung'unika. Kisha nahamishia humo ile orodha ya zamani na kushuka mpaka ukurasa wake wa mwisho, kuhakikisha. Jina la binti bado lipo, na la mama yake lipo chini yake.